Sayansi: Bamba la yakuti litakalozunguka zaidi ya mara milioni 72 kutafuta alama ya mwanzo wa ulimwengu

Kila fundi wa parabole huko Bukavu, Butembo ao Kindu anajua herufi mbili: H na V. Akiisha kuelekeza sahani upande wa setilaiti, anaandika namba ya masafa kwenye dekoderi, kisha anachagua moja ya herufi hizo. Akikosea, picha haitoki, hata kama sahani imeelekezwa vizuri kabisa. Mara nyingine picha inatoka lakini inakatika-katika. Hapo fundi anapanda tena juu ya bati, analegeza kichwa cha parabole na kukigeuza kidogo, digri mbili ao tatu tu, huku akimuuliza kwa sauti mtu aliyebaki mbele ya televisheni: "Inapanda?" "Bado!" "Na sasa?"

H ni mawimbi yanayotikisika kwa ulalo, V ni yale yanayotikisika wima. Setilaiti moja inaweza kutuma vipindi viwili tofauti kwenye masafa yaleyale bila kugongana, kwa sababu kimoja kinatikisika huku na kingine kule, na kichwa cha parabole ndicho kinachochagua. Dekoderi inakipa amri kwa umeme unaopanda kwenye waya: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa ulalo. Wanasayansi wanaita jambo hilo polarizesheni, yaani upande ambao wimbi linatikisikia.

Kazi hiyohiyo ya kutenganisha wima na ulalo imewachukua wanasayansi wa Japani, Ulaya na Amerika ya Kaskazini miaka mingi katika matayarisho ya LiteBIRD, setilaiti ambayo shirika la anga la Japani, JAXA, liliichagua kunako Mei 2019. Tofauti ni kwamba mawimbi wanayoyafuata hayatumwi na kampuni yoyote ya televisheni. Yametoka katika ulimwengu ulipokuwa bado mchanga, yamesafiri karibu miaka bilioni 13.8, na sehemu yake inayotafutwa ni dhaifu sana, kiasi kwamba kasoro ndogo ndani ya darubini inaweza kudhaniwa kuwa ugunduzi wa karne. Kunako mwaka wa 2014 dunia nzima ilishuhudia namna tangazo la aina hiyo linavyoweza kupanda juu na kuanguka katika muda usiofika mwaka mmoja.

Kelele iliyokataa kuisha

Historia yenyewe inaanza na antena. Kunako 1964, huko Holmdel katika jimbo la New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakitumia antena kubwa yenye umbo la tarumbeta, mali ya maabara za Bell, ambayo ilikuwa imejengwa kwa ajili ya majaribio ya mawasiliano ya setilaiti. Walisikia kelele ndogo isiyoisha. Wakaelekeza antena upande wa New York, wakaigeuza upande mwingine, mchana, usiku, majira ya baridi, majira ya joto: kelele ilikuwa ileile. Wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani ya antena. Njiwa wakaondolewa, mavi yao yakasuguliwa, na kelele ikabaki pale pale.

Ilikuwa joto lililosalia la ulimwengu wa mwanzo. Wataalamu wanasema kwamba miaka karibu 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa kiasi cha kutosha kwa mwanga kuanza kusafiri bila kuzuiwa. Mwanga huo ungali unasafiri. Kwa kuwa ulimwengu umetanuka tangu wakati ule, mawimbi yake nayo yamevutwa, na leo yanafika kama mawimbi mafupi ya redio, ndugu wa yale yanayopasha chakula katika tanuri la maikrowevu. Joto lake ni digri 2.7 tu juu ya baridi kali kupita zote, sawa na digri 270 hivi chini ya sifuri. Wale waliokuwa na televisheni za zamani, zile za antena ya fimbo, waliwahi kuyaona bila kujua: sehemu ndogo ya zile chenga nyeupe na nyeusi zilizojaa kwenye kioo wakati hakuna kituo ilitokana nayo. Penzias na Wilson walipewa tuzo ya Nobel kunako 1978.

Baada ya hapo setilaiti tatu zilichora ramani ya joto hilo: COBE ya Marekani iliyorushwa 1989, WMAP ya Marekani pia kunako 2001, na Planck ya Ulaya, iliyopaa Mei 14, 2009 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ramani hizo zinaonyesha kwamba joto ni karibu sawa kila upande wa anga, na tofauti zake ni za sehemu moja hivi katika 100,000. Tofauti hizo ndogo ndizo mbegu za galaksi zote, pamoja na hii tunayoishi ndani yake.

Lakini ramani ya joto haisemi yote.

Kamba na uzio wa fito

Ili kuelewa kinachobaki, chukua kamba ndefu, ipitishe katikati ya fito mbili za uzio zilizosimama wima, kisha itikise. Ukiitikisa juu na chini, mtikisiko unapita. Ukiitikisa kulia na kushoto, fito zinauzuia. Miwani fulani ya jua inafanya kazi hiyo: mtu akiivaa akiwa kando ya Ziwa Kivu saa sita mchana, mng'ao wa maji unapungua sana, kwa sababu mwanga uliorudishwa na uso wa maji unatikisika zaidi kwa ulalo, na miwani inauzuia.

Mwanga wa mwanzo wa ulimwengu nao uligonga kitu kabla ya kuachiliwa. Uligonga elektroni, na kule kugonga kuliuachia mwelekeo kidogo. Mwelekeo huo ulipimwa kwa mara ya kwanza kunako 2002 na darubini ya DASI, iliyokuwa imewekwa Ncha ya Kusini ya dunia. Tangu hapo wanasayansi wanatafuta umbo moja la pekee katika mielekeo hiyo: umbo la kujisokota, sawa na nywele zinavyozunguka kwenye utosi wa mtoto.

Kwa nini umbo hilo? Kuna nadharia inayosema kwamba, kabla ya yote, ulimwengu ulifumuka kwa kasi isiyosemeka, ukapanuka mara nyingi mno ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Wanasayansi wanaita jambo hilo mfumuko (msomaji asichanganye na ule wa bei, ambao sisi tunaujua bila darubini). Kama mfumuko huo ulitokea kweli, ulipaswa kuitikisa anga yenyewe na kuacha mawimbi ya uvutano, na mawimbi hayo yalipaswa kuchora msokoto huo katika mwanga wa zamani. Ni moja ya njia chache sana walizonazo wanadamu za kuchungulia dakika hiyo ya kwanza, ama tuseme sekunde ya kwanza, kwani dakika ni muda mrefu mno hapa.

Champagne iliyofunguliwa mapema

Machi 17, 2014, kikundi cha watafiti kilitangaza huko Cambridge, Massachusetts, kwamba kimeuona msokoto huo. Darubini yao iliitwa BICEP2 na ilikuwa Ncha ya Kusini, mahali ambapo hewa ni kavu na baridi, na mvuke wa maji hausumbui sana mawimbi. Siku hiyo video moja ilisambaa haraka: Chao-Lin Kuo, mmoja wa watafiti, anagonga mlango wa Andrei Linde, mmoja wa mababa wa nadharia ya mfumuko, kumpasha habari. Mke wa Linde, Renata Kallosh, naye mwanafizikia, anamkumbatia mgeni. Chupa ya champagne inafunguliwa. Magazeti yakaanza kuhesabu siku za kufika tuzo ya Nobel.

Msokoto ulikuwepo kweli, na darubini haikukosea. Shida ilikuwa mbele yake. Galaksi yetu imejaa vumbi, chembe ndogo zilizopangwa na nguvu ya sumaku inayopita kati ya nyota, na chembe hizo zinapotoa joto lao, mawimbi yake yanatikisika upande mmoja, hata kufanana na yale yanayotafutwa. BICEP2 ilikuwa ikitazama kwenye masafa mamoja tu, gigahezi 150, na kwa masafa mamoja huwezi kutofautisha vumbi la nyumbani na mwanga wa kale. Planck, iliyokuwa na masafa ya juu zaidi, pamoja na yale ya gigahezi 353 ambapo vumbi linang'aa sana, ilionyesha kwamba vumbi lilikuwa jingi hata katika ule upande wa anga uliodhaniwa kuwa safi. Mwanzoni mwa 2015 vikundi vyote viwili viliunganisha hesabu zao, na ushahidi wa mawimbi ya uvutano ukatoweka.

Wale wa BICEP hawakukimbia. Waliendelea kujenga darubini mpya palepale, na kunako 2021 walitoa kipimo kikali zaidi: kama mawimbi hayo yapo, nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya tano ya ile iliyotangazwa 2014. Kila kipimo kipya kinasogeza shabaha chini zaidi. LiteBIRD yenyewe imepangwa kufika hadi kiwango kilicho chini ya kile cha 2014 mara 200 hivi, kwa kutazama anga yote katika masafa 15, kuanzia gigahezi 34 hadi 448, ili vumbi lisipate mahali pa kujificha.

Ukishuka hadi kiwango hicho, adui wa pili anajitokeza: mashini yenyewe.

Mizani mbili zisizolingana

Planck ilikuwa na vyombo viwili. Katika kile cha masafa ya chini, kilichoongozwa na Waitaliano, wimbi liliingia kwenye bomba lenye umbo la tarumbeta, kisha likafika kwenye kiungo cha metali kilichogawa njia: mtikisiko wa huku unapita tundu hili, wa kule unapita tundu lile. Ni binamu, mwenye bei kali zaidi, wa kile kilicho ndani ya kichwa cha parabole. Katika chombo cha masafa ya juu, kilichoongozwa na Wafaransa wa Orsay, vitambuzi viwili vyenye nyavu nyembamba sana viliwekwa kimoja nyuma ya kingine: nyuzi za kimoja zinapokea mtikisiko wa upande mmoja, nyuzi za mwenzake zinapokea ule wa upande unaokatiza. Vilipozwa hadi sehemu moja ya kumi ya digri juu ya baridi ya mwisho.

Njia zote mbili zinategemea kutoa: unachukua kilichopimwa na kitambuzi cha kwanza, unatoa kilichopimwa na cha pili, na kinachobaki ndiyo polarizesheni. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la tatu.

Ila fikiria mama sokoni anayepima maharagwe kwa mizani mbili, na moja inazidisha gramu kumi kwa kila kilo. Akitoa kipimo cha hii katika cha ile, atapata tofauti, na tofauti hiyo haina uhusiano wowote na maharagwe. Ndivyo ilivyo kwa vitambuzi. Kimoja kikisikia kwa asilimia moja zaidi ya mwenzake, tofauti ya joto ya milioni 100 za digri (yaani sehemu 100 katika milioni moja ya digri moja) inazaa polarizesheni ya uongo ya sehemu moja katika milioni. Msokoto unaotafutwa ni mdogo kuliko hapo mara nyingi. Watu wa Planck walitumia miaka baada ya setilaiti kuzimwa, Oktoba 2013, wakisafisha kasoro za namna hiyo katika hesabu.

Waandalizi wa LiteBIRD waliamua kushambulia shida kwenye chanzo chake: badala ya kulinganisha mizani mbili, tumia moja, na uugeuze mwanga.

Kugeuza mwanga

Chombo kinachofanya hivyo kinaitwa bamba la nusu-wimbi. Kuna mawe fulani ya kioo ambamo mtikisiko wa upande mmoja unasafiri polepole kuliko ule wa upande mwingine. Mojawapo ni yakuti samawi, jiwe lilelile la pete za matajiri, ila hapa linatengenezwa viwandani na halina rangi. Likikatwa kwa unene unaofaa, ule mtikisiko wa polepole unabaki nyuma kwa nusu ya wimbi kamili, na matokeo yake ni kwamba mwelekeo wa wimbi zima unageuka. Ukilizungusha bamba, mwelekeo wa mwanga unaopita unazunguka pamoja nalo, mara mbili zaidi.

Sasa kitambuzi kimoja, kisichosogea, kinaona wima, kisha ulalo, kisha wima tena. Kila bamba likizunguka mara moja, alama ya polarizesheni kutoka angani inapanda na kushuka mara nne. Katika darubini ya masafa ya chini ya LiteBIRD, ambayo ni jukumu la Wajapani, bamba litazunguka mara 46 kwa dakika, kwa hiyo alama itapiga karibu mara tatu kwa sekunde. Chochote kinachobadilika polepole, kama joto la setilaiti linalopanda na kushuka ao kitambuzi kinachochoka, hakipigi kwa mdundo huo, na kinaachwa nje. Joto la anga lisilo na mwelekeo nalo haligeuzwi na bamba. Vilevile polarizesheni ya uongo inayozaliwa na vioo na lenzi zilizo nyuma ya bamba inabaki imesimama, ikajifunua yenyewe kuwa si ya angani. Ndiyo maana bamba linawekwa mbele kabisa, kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo ndipo matatizo ya mafundi yanapoanza, na ni mengi.

La kwanza: unene unaofaa kwa wimbi moja haufai kwa jingine. Bamba la yakuti la milimita tano hivi linafaa vizuri karibu na gigahezi 100, lakini darubini ile inapaswa kuona kuanzia 34 hadi 161. Jibu lilikuwa limeandikwa tayari kunako 1955 na kijana wa Kihindi, Shivaramakrishnan Pancharatnam, wa taasisi ya Raman huko Bangalore, akiwa na miaka 21 hivi. Alionyesha kwamba ukipanga mabamba kadhaa moja juu ya jingine, kila moja limegeuzwa kwa pembe iliyochaguliwa, makosa ya moja yanarekebishwa na mengine, na rundo lote linafanya kazi kwa masafa mengi. Alifariki Oxford kunako 1969, akiwa na miaka 35, na alipokuwa akiandika hesabu zile, ile kelele ya Penzias na Wilson ilikuwa bado haijasikiwa na mtu. Kwa LiteBIRD wamechagua mabamba matano ya yakuti, yenye upana wa karibu nusu mita.

La pili: yakuti inarudisha mwanga. Kila uso wake unarudisha karibu robo ya mawimbi yanayoufikia, na mawimbi yanayorudi na kugonga tena yanaharibu kila kitu. Kwa miwani ya kawaida mtu angepaka tabaka nyembamba ya kuzuia mng'ao. Lakini tabaka inayopakwa ina tabia ya kubanduka inapopozwa hadi digri zaidi ya 250 chini ya sifuri, maana yenyewe inajikunja kwa kiasi kimoja na jiwe kwa kiasi kingine. Watafiti wa taasisi ya Kavli, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Tokyo huko Kashiwa, wakafuata njia ya jicho la nondo. Jicho la mdudu huyo limejaa vinundu vidogo mno vinavyouingiza mwanga taratibu bila kuurudisha. Wao wanachonga kwa leza juu ya yakuti maelfu ya piramidi ndogo, na mwanga unaingia kwenye jiwe kama mtu anayeingia ziwani kwa mteremko badala ya kuruka kutoka ukutani. Yakuti ni kati ya mawe magumu sana duniani, na uso wa bamba ni mpana. Kazi ni ya saa nyingi.

La tatu: msuguano. Kuanzia siku ya kwanza ya kazi bamba linapaswa kuzunguka miaka mitatu bila kupumzika. Kwa mwendo wa mara 46 kwa dakika hiyo ni zaidi ya mara milioni 72, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, mahali ambapo hakuna fundi atakayefika na grisi. Na hata grisi ingeganda kwa baridi ile. Kwa hiyo bamba halitagusa kitu: linaelea, limebebwa na sumaku juu ya kauri maalumu ambayo ikipoa inapitisha umeme bila kizuizi chochote. Namna hiyo ya kuelea ilikwisha kupandishwa angani na baluni ya EBEX, iliyoruka juu ya Antaktika kuanzia mwisho wa Desemba 2012, nayo pia ikiwa na mabamba matano ya yakuti. Katika safari hiyo kilichosumbua ni kitu kingine kabisa, kifaa cha kuongoza mota ya kuielekeza darubini, ambacho kilipata joto kupita kiasi. Baluni hutua baada ya siku chache na mtu anaweza kufungua boksi na kuangalia. Setilaiti haitui.

Hata kuelea kuna gharama. Sumaku inayozunguka inaamsha umeme mdogo katika metali zilizo karibu, umeme huo unaleta joto, na joto ni kelele. Bamba lenyewe likipata joto kidogo litang'aa katika mawimbi yaleyale yanayopimwa, tena kwa mdundo wake wa kuzunguka. Ni kusema dawa inaweza kuwa ugonjwa.

Kwa darubini nyingine mbili za LiteBIRD, zile za masafa ya kati na ya juu zilizo mikononi mwa Wazungu wa Ulaya, njia ni tofauti: badala ya yakuti, tabaka za plastiki zilizopangwa na nyavu za metali nyembamba, ufundi ambao Chuo Kikuu cha Cardiff huko Wales kimejijengea jina. Ni nyepesi kuliko yakuti, na kila kilo ina bei yake kwenye roketi.

Theluthi moja ya digri

Turudi juu ya bati, kwa fundi anayegeuza kichwa cha parabole. Yeye anajua amefika kwa sababu picha imetulia. Mwenye darubini ya anga hana picha ya kulinganisha. Anapaswa kujua, kabla ya kuruka, kila kitambuzi kimeelekea pembe gani hasa. Kosa dogo la pembe linachukua polarizesheni ya kawaida, ambayo ipo na ina nguvu, na kumimina sehemu yake kwenye ule msokoto unaotafutwa.

Novemba 2020, Yuto Minami na Eiichiro Komatsu waliandika katika jarida la Physical Review Letters kwamba, wakitumia vipimo vya Planck, wameona dalili kuwa mwanga wote wa kale umegeuka kwa digri 0.35, kwa shaka ya 0.14 huku na huku. Kama ni kweli, kuna kitu kilichoko kila mahali angani kinachougeuza mwanga polepole tangu zamani, kitu ambacho fizikia ya leo haina jina lake. Timu ya Planck yenyewe ilikuwa imepata kunako 2016 pembe inayokaribia hiyo, digri 0.31, lakini haikudai chochote, kwa kuwa shaka juu ya namna vitambuzi vilivyofungwa ilikuwa digri 0.28. Mtu angeuliza kwa haki: ni ulimwengu umegeuka, ao ni bizimu ya Planck?

Ujanja wa Minami na Komatsu ulikuwa kulitumia lile vumbi lililomwaibisha BICEP2. Mwanga wa vumbi la galaksi yetu umesafiri kidogo tu, hauna muda wa kugeuzwa. Kama vumbi nalo linaonekana limegeuka, kosa ni la chombo. Kama ni mwanga wa kale peke yake, kosa si la chombo. Kwa hesabu hiyo waliweza kutenganisha pembe mbili. Hata hivyo vumbi lenyewe lina siri zake, na uhakika waliofikia, asilimia 99.2, ni mdogo kuliko ule ambao wanafizikia wanaudai ili kutamka neno "ugunduzi". Baada ya 2014 hakuna aliyefungua champagne.

Kuna metali moja katika safari hii inayofahamika huku kwetu. Vitambuzi 4,508 vya LiteBIRD vimekusudiwa kuwa vya aina inayopozwa hadi sehemu moja ya kumi ya digri juu ya baridi ya mwisho, na wimbi likishapokelewa linapelekwa kwenye kitambuzi kwa njia nyembamba za niobiumu zilizotandazwa juu ya silikoni. Niobiumu ikipoa chini ya digri tisa hivi juu ya baridi hiyo, haipotezi tena umeme wowote njiani. Ni yenyewe inayotoa silabi ya kwanza ya neno koltani: kolumbo-tantali, na kolumbiumu lilikuwa jina lake la zamani. Lueshe, katika mtaa wa Rutshuru, ni mojawapo ya mahali palipochimbwa niobiumu hapa nchini. Lakini nyingi inayouzwa duniani inatoka Brazil, na vipimo hivi vinatumia kiasi kidogo mno cha metali hiyo. Hakuna mchimbaji wa Rubaya atakayetajirika kwa ajili ya mfumuko wa ulimwengu.

Mwanzoni LiteBIRD ilipangwa kurushwa mwishoni mwa miaka ya 2020, juu ya roketi ya Kijapani ya H3. Roketi hiyo ilishindwa katika safari yake ya kwanza, Machi 2023, ikafaulu katika ya pili, Februari 2024. Tarehe ya setilaiti nayo imesogezwa hadi miaka ya 2030. Ikiisha kufika mahali pake, ng'ambo ya dunia ikiwa imelipa jua mgongo, itajizungusha yenyewe mara moja kila dakika 20, taratibu, na ndani yake bamba la yakuti litakuwa limezunguka mara 920 kabla darubini haijarudi kuelekea upande uleule.